Haki ya Mlevi Ugenini

Mwezi wa Disemba mwaka 1963 maiti ya kijana wa Ghana, mwanafunzi wa udaktari, iliokotwa kando ya njia katika viunga vya mji wa Moscow, wakati nchi imefunikwa na theluji na baridi ni ile ambayo mtu wa pwani yetu haijui ila kwa kusimuliwa. Wakuu wa serikali ya Kisovieti walitoa jawabu lao: kijana alikuwa amelewa, akaanguka, akaganda kwa baridi, akafa. Wenziwe hawakuridhika, walinena kwamba ameuawa kwa sababu alinuia kumwoa binti wa Kirusi, na tarehe 18 ya mwezi ule wanafunzi wa Kiafrika mia kadhaa waliandamana hadi Uwanja Mwekundu, chini ya kuta za Kremlin, wakidai haki ya mwenzao mahali ambapo maandamano yasiyoamriwa na serikali yalikuwa jambo la nadra mno. Mimi si kadhi wa shauri lile. Lakini jawabu la wakuu limenishughulisha fikira kuliko tuhuma za wanafunzi, maana hata tukilikubali lote kama lilivyotolewa, tukasema kweli kijana alikunywa na kweli aliganda, haikupasa kuwa ndiyo mwisho wa maneno. Alikunywa na nani? Nani aliyemwona akitoka mlangoni akipepesuka, akamwachia kwenda peke yake katika usiku kama ule? Nani aliyepita njia ile kabla ya alfajiri, akaona mtu amelala thelujini, akasema nafsini mwake kwamba yule ni mlevi tu, akaenda zake?

Juu ya uharamu wa vileo na ubaya wa ulevi yameandikwa mengi, mengine kwa elimu na mengine kwa hasira, na sidhani kwamba nina la kuongeza. Swali langu ni jingine, na naona aghalabu limeachwa: mtu akishalewa, iwe kwa makusudi au kwa ujinga au kwa kushurutishwa, ana haki gani juu ya yule ambaye hakulewa? Swali hili nyumbani halitupi taabu, kwa sababu mlevi wa nyumbani ana watu wake. Akianguka mtaroni, atakuwapo mpita njia atakayemtambua kuwa ni mtoto wa fulani. Mwenye kilabu anajua nyumba yake. Mke atanung'unika, mama atalia, kaka atamvuta kwa mkono huku akimtukana, lakini atafika kitandani. Hapana anayekaa kufikiri kama ana wajibu au hana, kwa maana udugu umekwisha kuujibu wajibu kabla haujaulizwa. Ugenini nasaba hiyo imekatika. Mwanafunzi aliyelala sakafuni katika bweni la Leeds au la Boston hana hapo kaka wala shangazi wala jirani; anao wenziwe tu, vijana kama yeye, ambao baadhi yao wamemjua tangu juzi, na wote kwa jumla wanangoja mwingine ndiye aseme la kufanya.

Tusijidanganye kwamba kijana wetu hukutana na ulevi kwa mara ya kwanza akishuka kwenye ndege. Tembo hugemwa katika minazi ya Tanga na Kilifi, na wale wanaodai kwamba pwani haikujua kulewa wamemsahau mgema. Kilichobadilika ni adabu inayokizunguka kileo. Katika Uingereza wanafunzi wapya hupokewa kwa wiki nzima ya sherehe, na kwa kuwa vinywaji vya baa ni ghali, hunywa kwanza vyumbani mwao vile vya dukani, kwa haraka na kwa michezo ya kushindana, kisha ndipo watoke. Na ziko klabu za michezo ambazo humpima mgeni wake kwa kiasi anachoweza kumeza. Marekani sheria ya mwaka 1984 iliyalazimisha majimbo, kwa kuyatishia kuyanyima sehemu ya fedha za barabara, yaweke umri wa miaka 21 kuwa ndio wa kununua pombe, na matokeo yake ni kwamba wengi wa wanafunzi wa miaka 18 na 19 hunywa kwa siri, milango imefungwa, katika vyumba na katika nyumba za vyama vya udugu vya wanafunzi, wakinywa kwa pupa ya mtu asiyejua atapata tena lini. Kijana wa Kimarekani wa miaka 20 akipelekwa Florence kusoma muhula mmoja hukuta jambo lililokuwa kosa nyumbani kwake limekuwa halali kwa usiku mmoja wa safari. Na kijana wa Mombasa akifika Ujerumani hukuta bia ikiuzwa pamoja na mkate na maziwa, na mvulana wa miaka 16 akiinunua kwa ruhusa ya sheria. Kila mmoja wao ametolewa katika mpaka aliouzoea na kutiwa katika mpaka asioujua. Na juu ya hayo yote, kila mmoja amefika mahali ambapo hapana ajuaye yeye ni mtoto wa nani, hali ambayo kwa kijana ni uhuru mkubwa, na kwa saa chache za usiku fulani inaweza kuwa ndiyo hatari yake.

Ili hoja isielee hewani, natutazame chumba kimoja. Ni saa nane ya usiku. Kijana ametupwa kitandani chali na viatu vyake. Wenziwe wamemfunika blanketi, wameweka ndoo karibu na kichwa chake, mmoja amesema "mwache alale, kesho ataamka," na wamezima taa. Kila walilofanya limefanywa kwa mapenzi, na karibu kila walilofanya ni kosa. Aliyelala chali akitapika hali hajitambui hapati nafasi ya kuitumia ile ndoo. Matapishi humrudia kooni na kumziba pumzi. Usingizi wake si dalili ya kupona, kwa kuwa pombe aliyoinywa mwisho haijaingia yote katika damu, nayo huendelea kupanda baada ya mnywaji kulala. Ini, ambalo ndilo lenye kazi ya kuisafisha, hufanya kazi kama karani wa forodha anayekagua mzigo mmoja mmoja bila kujali urefu wa foleni: takriban gramu 8 kwa saa, ambazo ndizo kipimo kimoja kwa hesabu ya Waingereza, ilhali chupa moja ya vodka ya sentilita 70 yenye nguvu ya asilimia 40 ina vipimo 28. Kahawa haimharakishi karani huyo, wala maji baridi. Kahawa humfanya mlevi awe macho na mlevi vile vile, na maji baridi humwongezea ubaridi mtu ambaye joto lake limekwisha kuanza kumtoka, maana pombe huifungua mishipa ya ngozi, ikampa hisia ya joto huku ikiitoa hari ya mwili nje. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kuganda barabarani huku akijihisi yu mzima.

Kilichopasa kufanywa hakihitaji utabibu. Alazwe ubavu, goti moja limekunjwa mbele ili asigeuke chali. Aketi mtu pamoja naye, taa inawaka, akiihesabu pumzi yake. Na akiwa haamki kwa kuitwa wala kwa kufinywa, au pumzi zake zimepungua zikawa chini ya 8 kwa dakika, au kati ya pumzi na pumzi hupita zaidi ya sekunde 10, au ngozi yake imekuwa baridi na midomo ya rangi ya samawati, au ametapika na hajui kwamba ametapika, au ameshikwa na mtukutiko wa kifafa, basi lipigiwe simu gari la wagonjwa pasipo mashauri marefu, 999 katika Uingereza, 112 katika nchi za Ulaya, 911 katika Marekani na Kanada.

Sasa katika bweni hilo hilo, mlango wa pili, yuko kijana mwingine asiyekunywa. Ameswali isha, amesoma, na kelele za jirani zimemkosesha usingizi. Ametoka kwenda jikoni kuchemsha maji ya chai, na mlango wa yule mwenzake u wazi kidogo. Amechungulia, ameona yaliyomo, na ametikisa kichwa. Moyoni mwake amemshukuru Mola kwamba yeye hayumo katika hayo. Kisha amerudi chumbani mwake na kikombe chake. Huyu ndiye ninayemwandikia, kwa maana yeye ni mwema, na wema wake ndio uliomdanganya. Amedhani kwamba kutokunywa kumemwepusha na dhima ya yanayotendeka mlangoni pa pili, na kinyume chake ndiyo kweli. Taklifu, yaani kubebeshwa wajibu wa sharia, kwa mafundisho ya wanazuoni wetu wote, humfuata mwenye akili. Aliyezimia hana amri juu yake mpaka azindukane, mtoto hana, mwendawazimu hana. Katika ukumbi mzima wa bweni lile, usiku ule, pengine ni mtu mmoja tu ambaye akili yake imekamilika, naye ni huyu mwenye kikombe cha chai. Wale waliomfunika mwenzao blanketi wamelewa nusu na watapata nusu ya udhuru. Yeye hana udhuru wowote.

Mafakihi wanatufundisha kwamba kumwokoa mwenye kuangamia ni fardhi kifaya, yaani wakitenda baadhi ya watu huwaondokea wengine. Walakini akiwa hapana mwingine awezaye, fardhi ile humshukia yule mmoja, ikawa aini kwake kama sala yake. Bali Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 1262, alikwenda mbali zaidi: alipopima maslahi kwa maslahi aliona kwamba kumwokoa anayezama hutangulia kuiwahi sala, kwa kuwa sala iliyopita huweza kulipwa, na roho iliyopita hailipwi. Sikuona mahali ambapo ameweka sharti kwamba mzamaji awe alitumbukia kwa sababu njema. Na mji wa Durham, kaskazini ya Uingereza, uliona hasa mfano wake usiokuwa wa kitabuni: kati ya mwisho wa mwaka 2013 na mwanzo wa mwaka 2015 wanafunzi 3 walikufa maji katika mto Wear, unaouzunguka mji ule kwa kingo za miti na giza, baada ya kutoka katika starehe za usiku. Desturi yetu ya kumsindikiza mgeni, ambayo watu wa nyumbani huifanya mpaka mgeni achoke kuambiwa kwaheri, ingekuwa na thamani kubwa ukingoni mwa mto kama ule.

Wako watakaosema kwamba maneno haya yanapunguza uzito wa dhambi, na kwamba mlevi akishajua kuwa atauguzwa atazidi kunywa. Nawajibu kwa sharia yenyewe wanayoitetea. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyahesabu mambo matano ambayo sharia imekuja kuyahifadhi: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Mvinyo umeharimishwa kwa ajili ya hilo la tatu. Lakini la pili ni nafsi, na hapana busara ya kuilinda akili ya mtu kwa kuiacha nafsi yake iondoke. Sura ya Al-Maida, ambayo ndiyo iliyofunga mlango wa mvinyo baada ya makatazo yaliyoteremka kwa daraja, ndiyo hiyo hiyo iliyoulinganisha uhai wa nafsi moja iliyookolewa na uhai wa watu wote. Mwenye kusoma aya moja na kuiruka nyingine hakusoma sura. Na mafakihi, ambao hakuna awezaye kuwatuhumu kwa kuupenda ulevi, wanamlazimisha mtu aliyesakamwa na tonge, akiwa hapati kitu kingine cha kuliteremshia, anywe mvinyo kwa kadiri ya kumwokoa. Ikiwa haramu yenyewe hulegea mbele ya roho inayotoka, itakuwaje karaha yetu juu ya haramu isilegee?

Ipo habari katika Sahihi ya Bukhari ambayo naitamani isomwe katika kila chama cha wanafunzi wa Kiislamu ughaibuni. Mtu mmoja aliletwa mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa kosa la kunywa, akaadhibiwa. Na alipokuwa akiondoka, baadhi ya waliokuwapo walimwapiza afedheheke, na Mtume akawakataza, akiwaonya wasije wakawa wasaidizi wa Shetani juu ya ndugu yao. Tazama jinsi mambo mawili yalivyokaa pamoja pasipo kugombana: adhabu imepita, na udugu umebaki. Sisi tumezoea kuviona kama vitu visivyoweza kuingia katika mlango mmoja, ndiyo maana mtu mwema hupita mbele ya mlango ulio wazi kidogo na kikombe chake cha chai.

Ni kweli kwamba mlevi huhesabiwa kwa ayatendayo. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, ametaja sheria iliyomwongezea mlevi adhabu maradufu, kwa hoja kwamba alikuwa na uwezo wa kutokulewa, na kulewa ndiko kulikoleta ujinga wake. Wengi wa mafakihi wetu walipitisha talaka ya aliyelewa kwa hiari, kwa sababu iliyo karibu na hiyo. Wengine, na Ibn Taymiyya miongoni mwao, waliikataa, wakaona kwamba asiyejua alisemalo hana kusudio. Ni mjadala mzuri, wala sitauamua hapa. Lakini angalia kwamba pande zote mbili zinauliza juu ya tendo la mlevi, na sisi tunauliza juu ya tendo letu kwake. Hata akistahili adhabu maradufu kwa aliyoyafanya, kuachwa asakamwe na matapishi yake si adhabu iliyowekwa na sheria yoyote ya Mungu wala ya wanadamu.

Jirani zetu Wakristo wana visa viwili katika vitabu vyao ambavyo vingewatosha bila ya mahubiri mengine. Cha kwanza ni cha Msamaria, aliyemkuta mtu amepigwa na wanyang'anyi katika njia ya Yeriko baada ya kuhani na Mlawi kupita kando. Hakuuliza kwa nini mtu yule alitembea peke yake katika njia ijulikanayo kwa hatari, alimtibu kwanza. (Na alimtibu kwa mafuta na divai, jambo ambalo sisi tusiokunywa hatuna budi kulisoma kwa tabasamu.) Cha pili ni cha Nuhu katika Taurati, kisa ambacho Waislamu hatukipokei, kwa kuwa tunawaamini mitume kuwa wamehifadhika na mambo kama hayo, lakini funzo lake halina dini: mzee alilewa divai ya shamba lake, akalala uchi hemani; mwanawe mmoja alimwona akatoka kuwasimulia wenziwe, na wale wawili walichukua nguo, wakaenda kinyumenyume ili wasimwone, wakamfunika. Kosa la yule wa kwanza, kwa jinsi kisa kilivyo, ni kuona na kutangaza.

Mwana yule leo angekuwa na simu mkononi. Katika karamu za wanafunzi hapana kitu cha kawaida kama hicho: mwenzao amelala kinywa wazi, mmoja amempaka wino usoni, wa pili anacheka, wa tatu anapiga picha, na kabla ya asubuhi picha imefika Nairobi na Dar es Salaam na Muscat, kwa binamu, kwa shemeji, kwa kundi la watu wa mtaa, pengine kwa mama mzazi. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na mwosha amepewa heshima yake kwa sababu ya kuijua na kunyamaza. Mwili wa asiyejitambua u katika mikono ya waliopo kama ulivyo mwili wa maiti, hauwezi kujitetea, hauwezi kujisitiri, hauwezi hata kukataa. Lakini maiti hurejea kwa Mola wake, na huyu ataamka kesho arejee kwa watu. Sitara ni haki yake. Wala mtu asinijibu kwamba alijivua mwenyewe, maana hata maiti ya aliyejiua huoshwa na kufunikwa.

Na kwa mwanamke jambo hili huzidi kuwa zito. Kijana wa kiume akilewa akatenda uovu, watu husema hakuwa na akili zake. Msichana akilewa akatendewa uovu, watu hao hao husema alikuwa na akili gani hata akanywa. Kwa hesabu hii ulevi mmoja umekuwa udhuru kwa mdhalimu na hatia kwa mdhulumiwa, nami sijaona mizani nyingine duniani inayopima hivyo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2003 kuhusu makosa ya jinai ya kujamiiana imeihesabu ridhaa kuwa ni ya mtu mwenye hiari na mwenye uwezo wa kuchagua. Na fikihi yetu, ambayo haikubali uuzaji wa mbuzi kutoka kwa asiye na akili, haiwezi kukubali kwamba aliyepotewa na akili ameuza heshima yake. Msichana aliyekunywa ana dhambi yake baina yake na Mola wake. Aliyemfuata chumbani ana yake, na hakuna njia ya kumpunguzia huyu kwa kumwongezea yule.

Nimesema mengi juu ya wajibu wa aliye macho, na haki inanitaka niseme pia juu ya hofu yake. Mwezi wa Februari 2017, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akiingizwa katika chama cha udugu alinyweshwa mno, akaanguka ngazi akaumia kichwa na tumbo; waliomzunguka walikuwa wengi, kamera za nyumba ile ziliwaona wakiingia na kutoka, na karibu saa 12 zilipita kabla hawajaita msaada. Alikufa, na mwaka uliofuata jimbo lile lilipitisha sheria kali juu ya mateso ya namna hiyo. Siamini kwamba wote waliokuwamo walikuwa na nyoyo za mawe. Wengi walikuwa waoga, wakihofia polisi, wakihofia chuo, wakihofia kufungwa kwa chama chao. Chuo Kikuu cha Cornell kiliitambua hofu hiyo mapema, na tangu mwaka 2002 kiliahidi kwamba anayeita msaada kwa ajili ya mwenzake aliyelewa, pamoja na huyo mwenzake, hawatapelekwa mbele ya mahakama ya chuo kwa kosa la kunywa. Wito wa msaada ukaongezeka, na walioikwepa simu kwa kuogopa adhabu wakapungua. Majimbo mengi ya Marekani yametunga sheria za namna hiyo, na yamezipa jina la yule Msamaria.

Hofu ya mwanafunzi mgeni, hata hivyo, ni zaidi ya hiyo, wala hakuna chuo kiwezacho kuiondoa yote. Yeye anaogopa polisi kama wenziwe, anaogopa kwamba viza yake itafutwa (na kweli, Marekani, kukamatwa ukiendesha gari umelewa kwaweza kuifutisha, naye kwa kutojua mpaka hulichanganya hilo na kila jambo lenye harufu ya pombe), anaogopa mfadhili aliyemlipia ada. Lakini anayemwogopa kuliko wote hayuko katika nchi ile. Yuko nyumbani, ameketi barazani, na ni sisi. Anatuogopa kwamba tutasikia, kwamba jina la ukoo litatajwa msikitini au kanisani, kwamba mama hatatoka nje kwa wiki nzima. Hofu hiyo tumeitia wenyewe kifuani mwake, na sikatai kwamba ina faida yake, kwa maana imewazuia wengi wasianze. Kwa yule aliyekwisha kuanza, hata hivyo, hofu hiyo ndiyo inayomfanya anywe kwa siri mahali pasipo watu wa kwao, yaani mahali pasipo na wa kumlaza ubavu. Na kwa rafiki yake ndiyo inayouzuia mkono usiguse simu, kwa kuwa anadhani anamsitiri. Sitara ya namna hiyo ni sanda.

Ukitazama kijana anavyoagwa kwetu, utaona jinsi tunavyoipanga hofu hiyo kwa mikono yetu. Siku ya mwisho jamaa hukusanyika, dua husomwa, sinia la wali huliwa, kisha wakubwa humshika mmoja mmoja: baba humwambia habari za masomo, shehe humwambia habari za sala, bibi humtia mkononi noti iliyokunjwa mara nne, na wote kwa pamoja humwambia asiguse pombe. Ni wosia mzuri, na simwambii mtu aupunguze hata herufi. Ila umeishia hapo, kana kwamba binadamu wote hutii, na kana kwamba hata huyo anayetii atakaa miaka minne katikati ya watu wasiotii asimkute hata mmoja sakafuni.

Basi nawaomba wazazi na walezi, pamoja na masheikh na mapadri wanaoalikwa katika maagano hayo, waongeze kidogo. Mwambieni kijana kwamba akimkuta mwenzake amelewa asimpite, awe wa dini yake au si wa dini yake, awe rafiki au mtu asiyempenda. Amlaze ubavu, aketi naye, asimpige picha, na akiona pumzi zinapotea apige simu saa ile ile, kabla ya kuwaza nani atasema nini. Mfundisheni namba yenyewe kabla hajapanda ndege. Na mwambieni pia, kwa sauti ambayo ataiamini, kwamba ikiwa aliyeanguka ni yeye, basi simu yetu iko wazi usiku na mchana, na jambo la kwanza tutakalomwuliza ni kama yu mzima. Mengine tutayazungumza akipona.